Uzee wa Mvinyo na Uchanga wa Pombe

Imekuwa ada katika habari za safari kwamba msafiri akifika Ureno hana budi kuonja mvinyo mzee, na akiisha kuuonja hana budi kuusifu. Hupelekwa katika ghala lenye giza, penye mapipa yaliyopangwa safu kwa safu, humiminiwa katika bilauri ndogo kiasi kisichozidi mafunda mawili, hutajiwa mwaka, na mara husikia ulimini mwake lozi, asali, maganda ya machungwa, moshi na chumvi ya bahari. Kisha hurudi kwao akaandika kurasa tano. Wasafiri wa Ulaya waliianza desturi hii zamani. Siku hizi wasomi wa Afrika Mashariki nao wameingia safuni, wala si ajabu kumsikia mtu aliyezaliwa katika kijiji cha Kilosa akiisimulia Porto au Funchal kwa taadhima ambayo hajapata kuionyesha kwa kinywaji chochote cha bibi yake.

Haidaiwi hapa kwamba mvinyo ule ni mbaya. Mvinyo ule ni mzuri, na aliyeuonja akausifu hakusema uongo. Kinachodaiwa ni kwamba sifa zile zimejengwa juu ya kosa, na kosa hilo linawadhuru watu ambao hawajapata kuiona bilauri ile wala hawataiona. Kosa lenyewe ni kudhani kuwa kinywaji hupata heshima kwa kukaa miaka mingi, na kwamba kinywaji kisichoweza kukaa hakistahili heshima. Mahali pafaapo kulipimia kosa hilo ni Berega, kijiji cha Ukaguru katika wilaya ya Kilosa, si mbali na barabara kuu itokayo Morogoro kwenda Dodoma. Huko, kama katika vijiji vingi vya bara, kinywaji cha watu hakihesabiwi kwa miaka. Huhesabiwa kwa siku.

Kwanza ujulikane mvinyo wenyewe ni kitu gani. Mvinyo wa Porto hutokana na zabibu za bonde la mto Douro, ambalo mipaka yake iliwekwa kwa amri ya serikali mwaka 1756, zamani za Marquês de Pombal. Zabibu zikiisha kukanyagwa na maji yake kuanza kuchacha, uchachu hukatizwa kwa kutiwa kileo kikali cha kukenekwa, yaani kilichopatikana kwa kuchemsha na kuukusanya mvuke. Kileo hicho ni karibu sehemu moja katika kila sehemu tano za pipa. Uchachu hufa kabla sukari haijaisha. Kwa hiyo mvinyo hubaki mtamu na mkali kwa pamoja. Mvinyo wa kisiwa cha Madeira nao hutiwa nguvu kwa njia hiyo, lakini una ada yake ya ziada: hupikwa kwa joto. Zamani mapipa yalipakiwa katika majahazi yaendayo nchi za joto, yakavuka ikweta na kurudi, na watu wakatambua kwamba mvinyo uliokwenda na kurudi ulikuwa bora kuliko ule uliokaa nyumbani. Wareno waliuita mvinyo wa mzunguko. Leo hausafiri tena. Hutiwa moto katika matangi kwa miezi isiyopungua mitatu, au huachwa katika vyumba vya juu vyenye joto la jua kwa miaka. Na ule wa daraja la juu kabisa hauuzwi mpaka umetimiza miaka 20 ndani ya pipa.

Habari hizi zatosha kuonyesha kwamba mvinyo mzee haukuzeeka kwa tabia yake peke yake. Ulizeeshwa. Umetiwa kileo cha mvuke ili usioze, umetiwa moto ili ukomae, na umewekwa na mtu mwenye mali ya kutosha kungoja. Maskini hawezi kungoja miaka 20 ili auze alichokivuna mwaka huu. Hata hesabu iliyoandikwa juu ya chupa yahitaji kusomwa kwa makini, kwa kuwa mvinyo wa Porto uitwao wa miaka 20 aghalabu ni mchanganyiko wa mivinyo ya miaka mbalimbali, uliolinganishwa ili uwe na ladha ya umri huo. Basi kinachosifiwa kwa jina la uzee, kwa sehemu kubwa, ni mtaji, ghala, daftari na subira ya mwenye navyo. Hayo yote ni mambo ya kusifika. Lakini asiyekuwa nayo asihukumiwe kuwa hana ustadi.

Tena kuna jambo ambalo Mswahili anayekwenda Ureno kuonja mvinyo angepaswa kulikumbuka kuliko msafiri mwingine. Neno lenyewe mvinyo lilitoka huko. Ni neno la Kireno lililovikwa nguo ya Kiswahili, kama yalivyo meza, leso, bendera na karata. Katika kamusi za zamani neno hilo halikuwa na maana ya maji ya zabibu tu. Lilitumiwa pia kwa kila kileo kikali kilichokuja kwa meli. Watu wa pwani walilijua vema walilokuwa wakilitaja. Vasco da Gama alifika Mombasa na Malindi mwaka 1498. Ngome ya Yesu ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1593, nayo ikawaponyoka Wareno mwaka 1698. Katika muda huo wa miaka 200 mapipa yao yalipita pwani hii, na kilichobaki cha mapipa hayo ni neno.

Lakini hawakuleta mapipa tu. Katika karne zile zile yalifika mazao ya Amerika: mahindi, muhogo, nanasi na korosho, na wanahistoria wengi huwataja Wareno kuwa ndio walioyavusha bahari. Mapipa yalikuwa ya manahodha na makapteni wa ngome, na yalipoondoka hayakuacha shina. Mahindi yaliingia udongoni, yakapanda milima, yakafika Ukaguru, yakakaa pamoja na mtama na uwele uliokuwako tangu kale, na mwisho yakaingia katika chungu cha pombe. Atakaye kuona athari ya Wareno katika kinywaji cha Afrika Mashariki asiende Funchal peke yake. Aende pia Berega, akatazame kimea cha mahindi kikianikwa juu ya jamvi.

Na kutazama kwake kusiwe kwa haraka, maana kazi ile ni elimu. Nafaka hulowekwa mpaka ivimbe, hufunikwa ichipue, huanikwa wakati ule ule unaofaa, kwa kuwa ikikawia utamu wake huliwa na chipukizi, kisha husagwa. Uji hupikwa, huachwa upoe mpaka mkono uuvumilie, ndipo hutiwa kimea. Asubuhi ya pili huonjwa. Pengine hupikwa tena, hutiwa kimea kingine, hungojwa, huchujwa. Hakuna kipimajoto wala saa. Aliyepika huamua kwa mkono, kwa pua na kwa sikio, kwa maana pombe inayochacha ina sauti yake. Akikosea kwa nusu siku tu, kazi ya juma zima imekuwa siki. Mtengeneza mvinyo wa Madeira aweza kukosea leo akasahihisha mwakani kwa kuchanganya pipa na pipa. Mpika pombe hana mwakani. Amepewa siku mbili au tatu za kuwa sahihi, na ustadi uliobanwa namna hii hauwi mdogo kuliko ustadi uliopewa nusu karne.

Kwa kuwa pombe hiyo haikai, yapasa iitiwe watu. Hapa ndipo yalipo maana yake, nayo ndiyo maana ambayo msifu mvinyo haioni. Kitu kinachokaa chaweza kufungiwa. Chaweza kungoja mwenye fedha aje kutoka mbali, akinywe peke yake, na thamani yake huongezeka kwa kadiri wanavyopungua walio nacho. Kitu kisichokaa hakina njia hiyo. Ni lazima kigawanywe leo, maana kesho hakitamfaa hata mwenyewe. Kwa sababu hiyo pombe ilifanywa kuwa mwito wa kulima shamba la jirani, kukata mti, kujenga nyumba, kupokea wakwe, kumaliza ugomvi. Wakaguru waliitumia katika tambiko, wakawakumbuka wahenga wao kwa kuimwaga chini. Walimpa mhenga kinywaji cha juzi, wala hakuna aliyeona kuwa mzee huyo amevunjiwa heshima kwa kupewa kitu kichanga. Waliokufa zamani walikirimiwa kwa kilichochacha juma lile, kwa sababu heshima ilikuwa katika kukutana.

Yasije yakasemwa kwamba haya ni mapambo ya mshairi. Thomas Beidelman, mtaalamu wa mila aliyekaa Ukaguru mwishoni mwa utawala wa Kiingereza, alichapisha mwaka 1961 makala juu ya unywaji wa pombe na wizi wa ng'ombe katika nchi hiyo. Alionyesha jinsi vilabu vya pombe vilivyowakutanisha Wakaguru wakulima na Wabaraguyu wafugaji, watu walioshukiana na mara nyingine kupigana; na kwamba katika mikutano hiyo yalipatana mambo mema na maovu pia, hata njama za kuiba mifugo. Huo ni ushahidi wa haki, kwa kuwa haukupaka rangi. Pombe si malaika. Walakini ni kinywaji kilichokuwa na kazi katika jamii nzima, na mwenye kutaka kuijua jamii hiyo hakuweza kukipita.

Basi kinywaji hicho kilitendewaje? Misheni ya Kanisa la Kiingereza, Church Missionary Society, iliyoingia Ukaguru katika robo ya mwisho ya karne ya 19 kwa njia ya Mpwapwa na Mamboya, na ambayo baadaye ilikita Berega, iliwakataza waumini wake pombe. Misheni hiyo iliacha wema mkubwa, na hospitali ya Berega ni shahidi wa wema huo hata leo. Lakini katazo lile halikukataza ulevi tu, lilikataza mkutano. Mkristo aliyeacha chungu aliacha pia shamba la jirani, tambiko la ukoo na baraza la upatanisho, na hakupewa kingine cha kujaza nafasi hiyo ila mkutano wa kanisani.

Sheria za mataifa nazo zilikuwa na macho mawili yasiyolingana. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 uliuchora ukanda wa Afrika kutoka nyuzi 20 kaskazini ya ikweta hata nyuzi 22 kusini, ukadhibiti ndani yake uingizaji na utengenezaji wa vileo vya kukenekwa. Mkataba wa Saint-Germain-en-Laye wa mwaka 1919 uliukaza udhibiti huo. Nia yake haikuwa mbaya yote. Wafanyabiashara walikuwa wameziharibu nchi nyingi kwa kileo cha bei rahisi. Lakini mkataba wa kwanza uliacha mlango wazi kwa wakazi wasiokuwa wenyeji, wapate kiasi chao. Hivyo kileo kile kile cha mvuke kikawa hatari kinywani mwa mmoja na staha kinywani mwa mwingine. Serikali ya Tanzania huru iliirithi hofu hiyo kwa njia yake: mwaka 1966 ilitunga sheria juu ya utengenezaji wa moshi, ndiyo gongo, na kuutengeneza bila kibali kukawa kosa la jinai, na mwaka 1968 ikatunga sheria ya vileo na leseni zake. Msomi asomaye habari za Douro asisahau kwamba kitu kinachoufanya mvinyo wa Porto udumu ni kileo cha kukenekwa, ndugu wa damu wa kile ambacho polisi wa nchi yake hukimwaga chini mbele ya mwanamke aliyekipika. Tofauti ipo, na itatajwa hapa chini. Lakini undugu nao upo.

Tena wapo wasiokumbukwa. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alitoka Bagamoyo, akalifuata bonde la mto Mkondoa, katika nchi hii hii ya Kilosa, akafika Ujiji. Katika kitabu chake cha mwaka 1872 alisimulia kwamba alipokutana na Livingstone alitoa chupa ya shampeni ya Sillery na vikombe vya fedha, wakanywa kwa afya ya kila mmoja. Ndiyo habari mashuhuri kuliko zote za kuonja divai safarini katika bara hili. Jina la divai limehifadhiwa, madini ya vikombe yamehifadhiwa, na maneno ya wanywaji yamehifadhiwa. Mpagazi aliyeibeba chupa ile kwa kichwa au kwa bega, akavuka nayo mabwawa, mito na milima, hana jina katika habari ya karamu ile. Wala haikuandikwa jioni hiyo yeye alikunywa nini. Alikunywa, bila shaka, pombe ya mwenyeji fulani, ikiwa alipata mwenyeji mwema.

Wako watakaojibu kwamba pombe ya kienyeji huleta ulevi, hula nafaka ya watoto wakati wa njaa, na gongo huua na kupofusha. Majibu hayo ni ya kweli na yasipuuzwe. Mlevi hana sifa, awe amelewa kwa komoni au kwa mvinyo wa mwaka 1795. Nafaka inapopungua ni haki chungu kipumzike. Na gongo linalotengenezwa ovyo gizani ni sumu, na hapo ndipo tofauti iliyoahidiwa ilipo: kileo kinachotiwa katika mvinyo wa Porto hupimwa na kukaguliwa, bali gongo halina mkaguzi. Lakini hoja hii huangukia upande gani? Kilichomlinda mnywaji wa Ureno ni maarifa yaliyotoka gizani yakaandikwa, yakafundishwa na kusimamiwa. Wareno hawakukisafisha kileo chao kwa kukionea aibu. Aibu haijapata kusafisha chungu hata kimoja.

Wengine watajibu kwamba Tanzania nayo ina mvinyo. Kwamba Dodoma, mwendo wa saa chache kutoka Berega, hulimwa zabibu zilizostawishwa tangu wamisionari walipoipanda mizabibu huko katikati ya karne iliyopita, nazo huvunwa mara mbili kwa mwaka. Hilo ni jambo la kujivunia, na mkulima wa Dodoma astahili soko na sifa. Ila isiwe kwamba nchi huhesabiwa kuwa imestaarabika siku ile inapoweza kuiga kinywaji cha wengine. Usiache mbachao kwa msala upitao. Mzabibu wa Dodoma haukosi heshima kwa sababu mtama wa Ukaguru umeheshimiwa.

Basi msomi atakaye kuisahihisha hali hii hahitaji kuacha kusafiri, wala kuimwaga bilauri aliyokirimiwa. Anywe, ashukuru. Lakini akirudi, aipeleke kalamu yake mahali palipo na upungufu. Mvinyo wa Madeira una waandishi kwa mamia. Kila mwaka wake una historia, na kila aina ya zabibu yake, Sercial, Verdelho, Boal, Malvasia, ina kurasa zake. Pombe za Morogoro zina nini? Katika maandishi mengi huitwa kwa jina moja, pombe ya kienyeji, kana kwamba komoni, wanzuki na dengelua ni kitu kimoja. Kana kwamba ya mahindi haina tofauti na ya asali wala ya muwa. Nani ameandika ni mtama gani hutoa kimea chema, na ni wa udongo wa wapi? Nani ameyakusanya maneno ambayo wapikaji huyatumia kutenganisha uchachu na ugwadu, ukali na ukakasi, kimea kilichowahi na kilichochelewa? Maneno hayo yapo, kwa Kikaguru na kwa Kiswahili, na kila mwaka hupungua pamoja na wazee wanaoyajua. Mabinti waliokwenda shule hawakuyarithi, kwa sababu walifundishwa kuwa kazi ile ni ya kuficha, hata wale ambao ada yao ya shule ilitoka katika chungu kile kile.

Hasara hiyo haitarudishwa na ghala lolote. Mvinyo waweza kungoja. Ulioachwa na babu utanywewa na mjukuu. Elimu ya pombe haiwezi kungoja, kwa kuwa haikuwekwa katika pipa, imewekwa katika mikono ya wanawake wenye umri mkubwa, nayo huzikwa nao. Wahenga walionya kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Onyo hilo ni jema, lakini hofu ya kumharibu mgema kwa sifa imekwisha kupita kiasi. Mgema wa leo hajasifiwa hata mara moja, na anayetiwa maji ni yeye mwenyewe. Kijana wa Kilosa aliye na daftari, masikio na likizo ya mwezi mmoja anaweza kufanya kazi ambayo mabingwa wote wa Porto hawataifanya kwa niaba yake. Aende kwa mpikaji kabla ya kimea kuanikwa, akae mpaka siku ya kuchuja, aulize jina la kila hatua na kila ladha, na ayaandike majina hayo pamoja na jina la aliyemfundisha, ikiwa mwenyewe ameridhia litajwe.